Chuma, Udongo na Mbao: Kuisoma Ndungu kwa Mikono ya Mafundi Wake

Mtaje Ndungu mbele ya mtumishi wa serikali aliyewahi kufanya kazi wilayani Same, naye atakujibu kwa neno moja: mpunga. Akiwa mtu wa makamo ataongeza la pili: mkonge. Hapo maelezo hukoma. Mji huu mdogo ulioketi tambarare, chini ya ukuta wa mashariki wa milima ya Upare ya kusini, huku Hifadhi ya Mkomazi ikiupakana upande wa nyika, umepewa nafasi yake katika taarifa zetu kwa kile kinachoota ardhini mwake. Kinachotoka mikononi mwa watu wake hakina safu katika majedwali.

Nimekwenda Ndungu mara kadhaa, mara nyingine nikiwa na wanafunzi, na kila mara nimeshawishika zaidi kwamba historia ya mji huu husomeka vizuri kwa mafundi kuliko kwa mazao. Miji mikubwa hujinadi kwa mafundi wake. Arusha ina maduka ya sanaa yaliyopangwa kwa taa na vioo, Zanzibar ina milango na masanduku yake. Ndungu haina duka la namna hiyo, haina makumbusho, wala bango la kumwelekeza mgeni. Ina vibanda. Naomba, ndugu msomaji, tuvipitie vibanda hivyo kwa utulivu, kwa kuwa nyuma ya kila kimoja kuna mlango unaofunguka kwenye karne ambazo vitabu vyetu vya shule havizigusi.

Anza na mashine za kukoboa mpunga. Pembeni mwake, karibu kila mara, utamkuta fundi wa kuchomelea na grenda yake, akiunga ekseli ya tela au akinyoosha magurudumu ya chuma ya pawatila. Sogea kidogo, kuna maseremala: vitanda, milango, makochi yasiyovikwa vitambaa bado, na vumbi la mbao lililotanda hadi barabarani. Barazani mwa maduka wamo washonaji na vyerehani vyao vya kukanyaga kwa mguu. Kuna mshona viatu anayekata tairi kuukuu kuwa makatambuga. Siku ya gulio wanakuja kina mama wa vyungu, wakivipanga chini juu ya nyasi kavu, na wazee wenye vikapu, nyungo, mikeka na kamba za mkonge. Na mwisho kabisa, mbali na barabara kwa sababu ya moshi na makelele, yupo mhunzi. Ndugu huyu wa mwisho ndiye mkongwe kuliko wote, na ndiye asiyetajwa kabisa.

Ukongwe huo hauhitaji kubuniwa. Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alifanya utafiti kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapisha matokeo yake mwaka 1967. Mahali paitwapo Bombo Kaburi, katika Upare ya kusini, alikuta vigae vya vyungu vya aina ileile iliyopatikana Kwale nchini Kenya, na vipimo vya kaboni viliviweka karibu na karne ya 3 baada ya Kristo. Wataalamu wanavihusisha vyungu vya aina ya Kwale na wakulima wa awali waliojua kufua chuma katika sehemu hii ya Afrika. Aina nyingine ya vyungu, ya karne za baadaye, ilipewa jina la Maore. Maore ni jirani yetu pale, kata kwa kata na Ndungu. Kwa hiyo wanaakiolojia wa ulimwengu wanapoandika juu ya «vyungu vya Maore» wanatumia jina la kijiji ambacho abiria wa basi la Same hukipita akiwa amesinzia. Nimewauliza wanafunzi kadhaa wanaotoka tarafa hiyohiyo kama wamepata kuusikia usemi huo. Hakuna aliyeusikia.

Kuhusu chuma, lazima tupande mlimani na kwenda kaskazini. Kitovu cha uyeyushaji wa chuma katika Upare kilikuwa Ugweno na Usangi, wilaya ya Mwanga ya leo. Wayeyushaji hawakuchimba mashimo marefu. Mvua na vijito vya milimani vilikuwa vimekwisha kuwafanyia kazi ya kwanza: vilisaga miamba na kuacha mchanga mweusi, mzito, wenye chuma kingi. Mchanga ukaoshwa ili uchafu mwepesi uondoke, ukachanganywa na makaa ya miti migumu katika tanuru dogo la udongo, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikapuliza bila kupumzika. Kilichopatikana hakikuwa chuma kilichomiminika kama maji. Lilikuwa bonge lenye mavi ya chuma ndani yake, ambalo lilibidi lipigwe moto na nyundo tena na tena hadi litakate. Kutoka kwenye bonge hilo yalitoka majembe, mashoka, visu na mikuki. Wachaga wa Kilimanjaro, waliosifika kwa mikuki yao, walipata sehemu kubwa ya chuma chao Upare, wakilipa kwa mifugo na chakula. Hapa pana jambo la kutafakari: utajiri wa vita wa jirani aliyejulikana zaidi ulianzia kwenye mchanga ulioteuliwa kwa mikono katika vijito vya jirani asiyejulikana.

Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, nao ni ukoo wa Washana. Jina hilo halijafa. Mwalimu yeyote wa chuo kikuu nchini amepata kumwita Mshana katika orodha ya mahudhurio, na pengine mwenye jina mwenyewe hajui kwamba amebeba kumbukumbu ya tanuru. Mapokeo ya Ugweno yanasema kwamba Washana hawakuwa wahunzi tu, walikuwa watawala. Aliyeyachunguza mapokeo hayo kwa kina ni Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa ya Wapare tangu mwaka 1500 hadi 1900. Kwa maelezo yake, mnamo karne ya 16 ukoo wa Wasuya, ukiongozwa na Angovi, uliwapindua Washana, na mwanawe Angovi, Mranga, akaijenga upya dola ya Ugweno kwa mabaraza na kwa kuyapanua mafunzo ya jando yawe taasisi ya utawala.

Kitabu kile ni cha msingi, na nadhani kila mtumishi anayepangiwa kazi Same au Mwanga angepaswa kukisoma kabla ya kufungua masanduku yake. Hata hivyo nina neno juu ya namna tulivyokipokea. Kizazi cha wanahistoria wa Dar es Salaam cha miaka ya 1960 kilikuwa na kazi maalumu: kuthibitisha, mbele ya watu waliokana, kwamba Mwafrika alikuwa na dola, mabaraza, sera na mageuzi kabla ya mkoloni. Walifanikiwa. Lakini katika kuitafuta dola, macho yetu wasomaji yalimfuata Mranga yakamwacha mhunzi. Washana wanaonekana mwanzoni mwa masimulizi wakiwa na mamlaka, wanapinduliwa, kisha sisi tunawasahau, ilhali moto wao haukuzimika siku ile. Wasuya walitwaa kiti cha utawala. Hawakuweza kutwaa ujuzi, nao Washana wakaendelea kujulikana kwa uhunzi wao karne baada ya karne. Mtawala mpya alihitaji majembe kama yule wa kale. Swali la nani anatawala na swali la nani anatengeneza ni maswali mawili tofauti, na vyuo vyetu vimelizoea la kwanza.

Karne ya 19 ilileta misukosuko ambayo Ndungu na majirani zake waliipata mapema, maana njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilikuwa na tawi lililopita upande huu wa mashariki, na Gonja na Kisiwani vilikuwa vituo vya mapumziko na vya kununulia chakula. Kimweri ye Nyumbai wa Usambara alipofariki mwaka 1862, himaya yake ikaingia katika vita vya urithi. Semboja akajiimarisha Mazinde, kwenye njia ya biashara, na bunduki zikapanda bara huku pembe na watu wakishushwa pwani. Wapare waliokaa karibu na njia walijua maana ya jambo hilo. Mapango ya Mghimbi kule Mbaga yanakumbukwa hadi leo kuwa maficho dhidi ya watekaji. Kwa upande wa ufundi, misafara ilileta kitu kilichoonekana kidogo: waya. Waya wa chuma, wa shaba na wa shaba nyeupe ulikuwa fedha ya safari. Mhunzi aliyepata waya wa chuma hakuhitaji kuosha mchanga wala kukata miti ya makaa kwa siku nyingi. Alianza kufua chuma ambacho hakukiyeyusha yeye.

Naomba tofauti hiyo ishikwe vizuri. Kuyeyusha ni kukitoa chuma katika jiwe au mchanga. Kufua ni kukipa umbo chuma kilichokwisha kupatikana. Tunaposema kwamba ukoloni uliua uhunzi wa Kiafrika, tunachanganya mambo haya mawili. Kilichokufa ni kuyeyusha, na kufua kukaendelea. Waya wa misafara ulifungua mlango, na utawala wa Kijerumani ukausukuma hadi mwisho. Kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 iliwalazimu wanaume kutafuta fedha taslimu, na fedha ilikuwa mashambani mwa walowezi. Mkonge, ulioingizwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ulikuwa ukienea kutoka Tanga kufuata bonde la Pangani. Reli ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ikashusha vyuma na majembe ya kiwandani kwa bei ambayo tanuru la udongo halikuweza kushindana nayo. Fikiria hesabu ya kijana wa wakati ule: ajifunze kwa miaka kuteua mchanga, kuchoma makaa na kupuliza mivukuto, au aende kukata mkonge kwa mwezi na kurudi na fedha ya kodi na jembe la Ulaya? Hakuna aliyetoa amri ya kuzima matanuru. Hesabu ndiyo iliyoyazima. Baadaye, chini ya Waingereza, jembe lenye nembo ya mamba la Chillington, kampuni ya Wolverhampton, likawa miongoni mwa majembe yaliyosambazwa Afrika, na chuma cha Ugweno kikabaki katika majina ya watu na mabonge ya mavi ya chuma yanayofukuliwa mashambani.

Reli yenyewe ilipita magharibi ya milima. Ndungu iko mashariki. Sehemu kubwa ya tabia ya mji huu, pamoja na subira yake juu ya lami, imetokana na upande huo wa mlima. Mahali pasipofikiwa kwa urahisi na bidhaa za viwandani ndipo mafundi hudumu zaidi, na mhunzi wa Ndungu wa leo ni mtoto wa umbali huo. Anatumia springi za lori kwa panga na nyengo, na nondo kwa vitu vidogo. Mundu wa kuvunia mpunga anautengeneza kwa chuma chembamba kinachokubali meno. Fuawe yake ni kipande cha reli. Sikuona haja ya kumuuliza kipande hicho kilifikaje kule.

Ufinyanzi una historia tofauti kidogo, na kwa maoni yangu umedharauliwa zaidi kwa kuwa ni kazi ya wanawake. Vigae vya Bombo Kaburi ndivyo vilivyotupa tarehe ya karne ya 3. Chuma huoza kwa kutu, mbao huliwa na mchwa, na ngozi hupotea, lakini kigae hubaki. Ujuzi wetu juu ya milenia ya kwanza katika milima hii, kwa hiyo, umeandikwa kwa sehemu kubwa na mikono ya watu ambao kwa kawaida tunawaita «akina mama wajasiriamali». Chungu kilikuwa chombo cha kupikia, cha kuhifadhia, cha kuchachushia pombe, na katika Kilimanjaro na milima ya jirani kilikuwa pia chombo cha sheria: laana ya kuvunja chungu iliogopwa kuliko hukumu ya baraza, na wapo wanaoiogopa hata sasa.

Sufuria na ndoo za plastiki zimekipunguzia chungu nafasi bila kukiondoa. Mama mmoja gulioni alinieleza soko lake kwa maneno machache kuliko ripoti yoyote niliyosoma. Vyungu vya kupikia, alisema, wananunua wenye umri wake. Mitungi ya maji inanunuliwa wakati wa joto, kwa kuwa hapa tambarare maji ya ndoo hayanyweki mchana. Vyungu vya maua vinanunuliwa na watumishi. «Ninyi ndio mnaopanda maua, mwalimu,» akaniambia, na wenzake wakacheka. Nilimuuliza udongo anautoa wapi. Alitaja bonde, kisha akaongeza kwamba sehemu ya bonde hilo sasa ina mwenyewe mwenye hati. Zamani alichota bila kuomba, sasa analipa kwa mkokoteni. Sera ya ardhi ya nchi hii inataja wakulima, wafugaji na wawekezaji. Mfinyanzi anayehitaji mita chache za udongo mzuri hana fungu.

Baada ya uhuru palitokea jaribio la dhati la kumrudishia fundi heshima yake, na si haki kulipita kimya. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia mikono na akili visitenganishwe. Mwaka 1973 liliundwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO. Katikati ya miaka ya 1970 vikaja vituo vya ufundi vya vijana waliomaliza shule ya msingi, na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Sambamba na hayo serikali ilijenga viwanda vikubwa vya zana, UFI pale Ubungo kwa msaada wa China na baadaye ZZK Mbeya, ili Tanzania ifue majembe yake yenyewe. Nia ilikuwa njema na mantiki ilieleweka. Ila ndani ya mantiki hiyo mlikuwa na mgongano: kiwanda cha Ubungo na mhunzi wa kijijini walimlenga mteja mmoja. Viwanda hivyo havikuhimili mageuzi ya miaka ya 1990. Mhunzi alihimili, kwa kuwa hakuna aliyemkopesha na hakuna aliyeweza kumfilisi.

Kisha ukaja mpunga wenyewe. Skimu ya umwagiliaji ya Ndungu ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ikitumia maji ya mto Yongoma. Imeandikwa sana kama mradi wa kilimo. Mimi huiona pia kama mradi wa ufundi, ingawa sidhani kwamba wahandisi wake walikuwa na lengo hilo. Kilimo cha majaruba kinahitaji milango ya mifereji, mashine za kukoboa, matela, na baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, pawatila. Vyote hivyo huharibika, tena huharibikia matopeni, mbali na wakala wa mtengenezaji. Vijana wa kuchomelea wa Ndungu ni zao la majaruba kama mchele ulivyo. Nimewaona wakiongeza upana wa magurudumu ya chuma kwa vipimo vyao wenyewe ili mashine isizame katika udongo wa huku. Huo ni usanifu, kwa maana kamili ya neno. Hakuna aliyeuchora, na kwa hiyo hakuna wa kuulinda.

Tena tusisahau kwamba Wapare walikuwa wasanifu wa maji kabla ya mradi wowote. Ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili yafunguliwe asubuhi kwa zamu, yametapakaa katika milima hii, na kanuni za zamu zake zilikuwa na ukali ambao kamati nyingi za umwagiliaji za leo zingeuonea wivu.

Nimetaja maduka ya sanaa ya Arusha. Nayo yana historia yake. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya mbao nyepesi. Mwaka 1972 ikaanzishwa Nyumba ya Sanaa katika jiji hilohilo. Vinyago vya Wamakonde vikawa sura ya taifa kwa wageni. Sina ubishi na sanaa hizo, nazipenda. Ninachouliza ni kwa kanuni gani kinyago kikawa sanaa na mundu ukabaki kuwa bidhaa ya gulioni. Jibu halihusu uzuri. Linahusu mnunuzi. Kilichonunuliwa na mtalii kilipewa jina la utamaduni, na kilichonunuliwa na mkulima kikaitwa zana. Mpango wa utalii wa utamaduni uliosaidiwa na Waholanzi katika miaka ya 1990 ulifika hata Upare, Usangi kwa kaskazini na Mbaga kwa kusini, na ulikuwa na faida zake. Lakini ukisikiliza Mbaga inavyonadiwa kwa wageni, linalotangulia ni jiwe la Malameni na habari za watoto waliotolewa kafara. Mgeni anarudi kwao na hofu ya kusimulia. Ugweno ya chuma, iliyolisha silaha na majembe ya mkoa mzima, haimpi mgeni msisimko.

Sasa niwageukie watumishi, maana najua mnasoma ukurasa huu hata msipotoa maoni. Watu wote niliowataja hapo juu wana jina moja katika lugha ya ofisi: sekta isiyo rasmi. Usemi huo ulipata nguvu duniani kupitia ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya ya mwaka 1972. Una umri wa miaka hamsini na ushee. Tunautumia kuiita «isiyo rasmi» kazi ambayo katika milima hii ina zaidi ya miaka 1,700. Na jina si jambo dogo, kwa sababu hutangulia utaratibu. Desemba 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Mama wa vyungu na mwenye duka la jumla la kificho walilingana mbele ya kitambulisho hicho. Upare inaijua habari ya kodi isiyomjua mlipaji. Mbiru, kodi ya kupimwa kwa mali iliyobuniwa na utawala wa kikoloni na watawala wa jadi katika miaka ya 1940, iliwashusha maelfu ya wananchi kutoka milimani hadi Same mwaka 1945, wakakaa hapo wakidai irudishwe kodi ya kiwango kimoja; mwaka uliofuata wanawake nao wakaingia katika mapambano. Hawakukataa kulipa. Walikataa kupimwa na mtu asiyejua alichokuwa akipima.

Kuna upande wa pili wa shilingi, yaani manunuzi. Aprili 2016 Bunge lilikabidhi kwa Rais shilingi bilioni 6 zilizookolewa katika matumizi yake, zikaelekezwa kwenye madawati, na kazi ikapewa JKT na Magereza. Madawati yalihitajika, sina shaka. Hata hivyo zilikuwapo wilaya zilizotumia maseremala wa mahali katika kampeni hiyohiyo ya mwaka ule, na fedha ikabaki ikizunguka kijijini. Utaratibu wa force akaunti, unaoruhusu mafundi wa kawaida kujenga madarasa na zahanati, umethibitisha kwamba serikali inaweza kumpa kazi fundi asiye na kampuni. Lakini seremala wa Ndungu aliyenionyesha karakana yake ana kikwazo kingine: mbao. Mkulo wa msitu wa Chome ulikatwa kwa miaka mingi hadi ukalindwa, kwa haki kabisa, na sasa anatumia misaji na milingoti yenye vibali vinavyogharimu safari za kwenda na kurudi Same. Akikosa kibali mbao zake ni haramu, ilhali kochi lililotoka ng'ambo limesimama dukani halali kabisa, bila mtu kuuliza lilikatwa katika msitu upi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, iliyositishwa Aprili 2023 na kurejeshwa baadaye, imewekwa kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Yeye ana umri wa miaka hamsini na sita na anafanya kazi na mwanawe mmoja. Si kikundi.

Linalonisumbua zaidi mwaka huu ni elimu. Sera iliyohuishwa mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na wanafunzi wameanza kuingia. Hili ni jambo kubwa kuliko tunavyolijadili. Swali lake gumu ni walimu. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na fundi anaweza kupimwa akapewa cheti. Cheti hicho humsaidia kuajiriwa, ila hakimfanyi mwalimu. Kwa hiyo tunaweza kufikia mahali ambapo shule iliyo umbali wa dakika kumi kutoka kwa mhunzi wa Ndungu inafundisha ufundi wa vyuma kwa picha za kitabu, kwa sababu mhunzi hana shahada na mwenye shahada hajawahi kushika koleo.

Nilimuuliza mhunzi mwenyewe. Nilitaka kujua, endapo shule ingempelekea vijana ishirini, angewapima vipi. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa tayari na daftari, akitarajia orodha ya vigezo.

«Vijana ishirini siwezi, mwalimu,» alisema. «Moto ni mmoja. Niletee wawili.»

«Na hao wawili, mzee, utajuaje kwamba wamefuzu?»

Alichukua mundu uliokuwa umemalizika, akaugonga ukingoni mwa fuawe, ukatoa mlio mkali. Akachukua mwingine uliofanana nao machoni petu, akaugonga. Mlio wake ulikuwa mzito na mfupi. Huu wa pili, akaeleza, ulizimwa majini kabla moto haujafika moyoni mwa chuma, na utavunjika katika jaruba la kwanza. Ulitengenezwa na mwanawe mwenyewe, aliyekuwa nyuma yetu akipuliza mivukuto. Kijana hakusema kitu. Aliupokea mundu ule kutoka kwa baba yake na kuurudisha motoni.